Ng'ambo ya Wadi

Alhamisi, baada ya alasiri, Maskati inajimwaga barabarani.
Kila gari lina godoro juu, jiko la mkaa nyuma,
na mtu mmoja anayesema tungetoka mapema.
Kwetu huyo ni Asila. Alisema Maabela, akasema Bidbid,
akasema tena tuliposimama kwa chai ya maziwa
na chapati ya jibini iliyokunjwa katika karatasi,
mafuta yakimchuruzika Hilal hadi kiwikoni.

Tulikuwa tunampeleka mtoto akaonwe.
Arubaini imekwisha Jumatatu. Bi Zuweina, kule nyuma ya Ibra,
kanipigia kila siku kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Huyo mtoto mnamficha? Ana deni?"
Kapika bokoboko tangu asubuhi.
Kafukiza udi nyumba nzima, hadi banda la kuku.

Milima ya huko haina nyasi za kujisitiri.
Imekaa wazi, mbavu nje,
rangi ya kutu na majivu, kama mabati ya gereji.
Mimi huipenda hivyo. Haikuombi uisifu.
Juu ya mabega yake, siku ile, wingu moja jeusi
ambalo hakuna aliyelitaja,
maana katika nchi hii ukiitaja mvua unaogopa kuifukuza.

Tulifika kwenye wadi saa moja na dakika kumi.
Maji yalikuwa yamefika saa moja.

Kwetu halikudondoka hata tone; mvua ilinyesha mbali,
ikatuma salamu.
Si maji ya kuchota. Tope lenye haraka,
limebeba gogo la mtende, kiti cha plastiki,
deli la barafu lisilo na kifuniko,
likinguruma kama lori linalorudi kinyumenyume.
Nguzo za kupimia kina, nyekundu kwa nyeupe,
zilikuwa zimezama pingili mbili.
Hilal alizihesabu, akanyamaza.

Ng'ambo, hatua sabini tu, taa za pikapu ya Muhsin.
Na mbele ya taa, juu ya kiti kilichotolewa sebuleni,
kajifunga leso mbili, kafungua mwavuli bila mvua,
Bi Zuweina. Sufuria iko miguuni pake.

Mume wangu aliyatazama magurudumu yetu makubwa.
Simu ikalia kabla hajafumbua mdomo.
"Mwambie Saif asiguse maji.
Gari la benki, roho ya Mungu. Hapo chake ni kipi?"

Basi tukaonana hivyo, taa kwa taa.
Nikamtoa mtoto, nikasimama kwenye mwanga, nikamwinua.
"Sioni kitu. Naona taulo."
Nikalifunua taulo.
"Mgeuze ubavu. Hebu. Pua hiyo ya nani?"
"Ya kwenu."
Simu ikakaa kimya,
na katikati yetu maji yakapita na mali za watu.
"Haya, mfunike. Kuna baridi."

Tulilala garini, miguu ya Asila dirishani.
Tulikula biskuti za mtoto ambaye bado hana meno;
kwa nini nilizinunua sijui.
Usiku kucha nilinusa samli, au njaa.

Alfajiri wadi ilikuwa vidimbwi vitano na mawe yaliyooshwa,
visamaki vikizunguka humo kama vinatafuta mlango.
Magari yakavuka moja moja, kwa adabu,
kama mtu anayepita nyuma ya wanaoswali.

Bi Zuweina akampokea. Akampeleka kwenye mwanga wa mlango,
akamsomea, akampulizia usoni,
akamhesabu vidole, vya mikono kisha vya miguu.
Halafu akanitazama mimi, bila kucheka:
"Usiku alikuwa mzuri zaidi."

Bokoboko lilikuwa limeshika chini.
Tukagombania ukoko.