Kamusi ya Nyumbu wa Kijivu

Saa kumi na moja alfajiri, Pennsylvania haijabandika birika,
tunapanda ngazi ya pembeni, Verna mbele, mimi nyuma,
nyundo kiunoni, tochi kipajini,
kuikagua rolakosta ubao kwa ubao,
futi elfu tatu na ushei za msonobari
uliopakwa rangi nyeupe zamani.
Nyumbu wa Kijivu, ndilo jina lake,
kwa kuwa nyumbu ndio walioyarudisha mlimani
mabehewa ya makaa ya babu yake Verna Hrabovsky.
Kushuka, asema, hakukuhitaji mnyama.

"Gonga. Ubao mzima huitika,
uliooza hunung'unika."
Nagonga. Unaitika. Natia chaki.

Hapa ni mlima wa mnyororo.
Vile vyuma vinavyodaka meno chini ya behewa
tunaviita mbwa.
Ndio wanaobweka ta-ta-ta-ta treni ikipanda,
abiria wakadhani ni mlio wa hatari,
kumbe ni walinzi: maadamu wanabweka
huwezi kurudi nyuma.
"Wakinyamaza," asema Verna, "ndipo uogope."

Kileleni, mteremko wa kwanza.
Huu ndio mtaji. Vilima vyote vijavyo vinakula humu,
ndiyo maana kila kimoja ni kifupi kuliko kaka yake.
Hakuna wa kumkopa njiani.

Kisha miruko ya sungura, mitatu mfululizo,
ambapo makalio huagana na kiti.
Sekunde hizo tunaziita hewa.
Hewa tu. Watu hupanga foleni juani kwa ajili yake.
Na chini ya reli, pasipoonekana,
yapo magurudumu ya tatu, yameikumbatia reli kwa tumbo,
hayana kazi yoyote
ila pale unapotaka kupaa.
"Kila nyumba inalo gurudumu la namna hiyo," asema.
Ilikuwa Mei. Nikauliza: kwenu ni nani?
Akagonga ubao. Ukaitika.

Ng'ambo ya mto wamejenga ya chuma:
kitanzi, parafujo, shingo ya swila.
Huko, nasikia, huchora kwanza mstari wa moyo,
mstari wa hewani unaopita vifuani mwa abiria,
ndipo chuma hukunjwa kuuzunguka,
mwili upinduke, moyo usijue.
Nyumbu hakuulizwa habari za moyo.
Fundi wake alipima ardhi, akapima mbao,
mbavu akawaachia wenyewe.

Oktoba, baridi ya kwanza, grisi imeganda.
Treni ya majaribio ikatoka imebeba magunia ya mchanga,
ikashuka, ikakimaliza kilima cha pili,
ikafika nusu ya cha tatu, ikasita,
ikarudi kinyumenyume, ikaenda, ikarudi,
kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani,
ikatulia.
Kulala bondeni, ndivyo tusemavyo.

Verna hakutukana.
Alisukuma gunia kando, akaketi,
akaivuta fito ya mapajani. Kwa!
"Miaka thelathini na mmoja," akasema,
"sijawahi kukaa humu."
Nikaketi nyuma yake, na gunia langu.
Mbao zilikuwa zinalialia, zinajinyoosha kwa jua dogo.
Harufu ya grisi, ya majani yaliyolowa.
Mfukoni alikuwa na nusu ya mkate wa siagi,
akaukata tena nusu.

"Ladik," akasema.
Sikuelewa.
"Hadi Februari ile."
Nikatafuna hadi nilipolikumbuka
swali langu la Mei.

Saa nne winchi ikaja. Tukafunga kamba,
tukamvuta Nyumbu kilima kwa kilima hadi kituoni,
taratibu, pasipo mnyororo,
na njia nzima mbwa hawakubweka.
Nikamtazama Verna.
Alikuwa anahesabu misumari.