Daftari la Bwawa

Bwawa si kubwa. Hatua kumi na mbili kwa nane,
nyuma ya nyumba yetu hapa Ngomeni,
pale ardhi inapolowa yenyewe
na mihogo ilikuwa ikioza kabla ya kuvunwa.
Nililichimba kwa kiinua mgongo cha miaka thelathini na moja
ya kupima singa za mkonge.
Mwanahija alisema: wenzako wamenunua bodaboda,
wewe umenunua shimo.

Nilitaka sangara. Bwana Semhando wa uvuvi
alicheka mpaka miwani ikamteleza puani.
"Sangara ni wa ziwa, mzee. Hili ni bakuli.
Akigeuka humu, mkia utakwama ng'ambo.
Weka perege. Wakishazaana, tia kambale wachache
wawapunguze."

Wawapunguze.
Neno jepesi, kama la kinyozi.

Basi nikamwaga chokaa, nikangoja wiki mbili,
nikatumbukiza viroba vya samadi ya mbuzi kwenye kona
hadi maji yakawa kijani, ukizamisha mkono mpaka kiwiko
vidole huvioni.

Perege mia tatu walikuja kwa pikipiki kutoka Pongwe
ndani ya mifuko iliyovimba kama mashavu ya mpiga zumari.
"Usiwamwage. Mifuko ielee kwanza, nusu saa,
maji ya ndani na ya nje yasalimiane."
Nikakaa ukingoni na saa yangu.
Nusu saa ni ndefu ukitazamwa na macho mia sita.

Nikafungua. Hawakukimbia.
Walitoka mmoja mmoja
kama watu wanaoshuka lori mahali wasipopajua jina.

Hapo nikamkumbuka baba.

Ntiruka, wa Kasulu, alishushwa hapa na blanketi moja
na namba. Jina hawakumuuliza,
namba ilitosha kuitia na kulipia, ingetosha na kuzikia.
Kipande chake bado ninacho: miraba thelathini,
kila siku ya kukata mkonge alama moja,
siku ya homa mraba mtupu,
na mraba mtupu hauna posho.
Mimi mwanawe nikaja kushika kalamu
upande wa pili wa mizani.

Sasa nina daftari.
Februari: perege 300. Waliokufa njiani, 14.
Machi: mdiria mmoja, hasara haijulikani.
Mei: wamezaana, hawahesabiki.
Juni: kambale 12, urefu wa kiganja.

Usiku ule wa kambale sikulala.
Maji yalisema chubwi, kisha kimya,
kisha chubwi.
Asubuhi Kidawa, mjukuu wangu, akachuchumaa ukingoni na pumba mkononi:
"Babu, hawa wadogo wanajua kuwa wao ni chakula?"
Nikamwambia akanawe uso.

Novemba vuli ikapiga siku nne mfululizo,
bwawa likajaa hadi midomoni.
Alfajiri, kurunzi mkononi, nikamkuta kambale nje ya ukingo
anatambaa majanini kwa mapezi,
bega hili, bega lile, kuelekea kijito,
sharubu zikipapasa njia.
Namba tatu. Nilimjua kwa kovu la ubavuni.
Alikuwa amenona, mchuzi wa watu watatu,
na nazi ilikuwepo jikoni, imeshafuliwa.
Kapu lilikuwa mkononi mwangu.

Baba naye alitoroka, mara moja tu.
Walimrudisha kutoka Korogwe
na hakuwahi kutusimulia alivyorudishwa.

Nilizima kurunzi.
Nilisimama gizani nikisikiliza majani
mpaka yaliponyamaza.

Nikaandika: kambale 11. Mmoja kaliwa na kenge.

Mwanahija akachukua daftari, akasoma polepole,
akaangalia mlangoni, tope jekundu la kijitoni
lilipokuwa likikauka.
"Kenge huyu," akasema,
"ndiye anayevaa ndala za bluu?"