Kengele ya Bizari

Asubuhi ya Mei, Swansea, mvua imepumzika kidogo.
Nafungua mlango wa uani nikamwage majani ya chai
na hapo, juu ya kizulia cha kufutia miguu,
ndege mdogo kama kokwa ya embe,
mkia juu bado, kama anayetaka kubishana,
jicho moja wazi, kifua hakina pumzi.
Pembeni yake Bizari, paka wangu wa manjano,
anajilamba mkono, polepole,
kama mgeni aliyeleta zawadi na hataki kushukuriwa.

Bi Glenys amekwisha ona.
Ukuta wetu ni mfupi, na macho yake ya miaka sabini na tisa
hayahitaji miwani yakitazama kiota.
"Ana watoto watano," ananiambia,
"kwenye kile kisanduku alichokigongomea Emrys
kabla moyo wake haujagoma."
Haongezi neno. Afadhali angenitukana.

Nikajitetea. Nikasema kwetu Wete
paka hana mlango: ana dirisha, ana paa, ana ghala.
Mama alimtupia vichwa vya dagaa, vichache, makusudi,
maana paka aliyeshiba halindi mpunga.
Nikasema wahenga hawakukosea:
paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya.

"Huyu si panya," akasema Bi Glenys,
"na wali wako unatoka kwenye kopo, mara mbili kwa siku."

Ikanikaa kooni kama mwiba wa changu.
Kwetu paka alikuwa mwajiriwa.
Huyu ni nani? Ana daktari, ana bima,
ana kitanda nilichokinunua kwa zamu mbili za usiku,
na bado anaua, si kwa njaa,
ila kama mtu anayepiga mluzi njiani.

Hadithi ya mkutano wa panya naijua tangu utotoni:
nani atamfunga paka kengele?
Wote wakatazamana.
Basi nimemfunga mimi. Pauni nne, duka la kona,
kengele ndogo kama punje ya dengu.
Siku tatu ua mzima ulilia kama miguu ya wacheza msewe.
Siku ya nne, kimya.
Nikadhani ameacha. Kumbe amejifunza
kutembea kidevu chini, kengele ameibana kifuani.

Nikafunga mlango. Juni yote.
Akakaa dirishani, taya likimtetemeka,
meno yakigongana
kila kivuli chenye mabawa kilipopita.
Alichana pazia. Alinikojolea kiatu cha kazini,
cha kushoto tu.
Usiku nilijiona dhalimu;
alfajiri, nikisikia vifaranga wa kiota kingine
wakidai chakula ng'ambo ya ukuta,
nilijiona mtu mwema.
Nikawa hivyo, huku na huku, mlango usio na komeo.

Oktoba, baridi ilipoanza kuuma ncha za masikio,
nikagongewa. Bi Glenys, nguo ya kulalia, tochi mkononi.
"Kuna kitu chini ya sinki langu. Kinatafuna."
Akatazama ukuta. Akatazama viatu vyangu.
"Waweza kuniazima paka?"

Nilitaka kucheka, sikucheka.
Niliwaza tu: panya naye ana watoto, huenda watano,
lakini hana wakili,
kwa kuwa haimbi.

Nikambeba Bizari, mzito, wa moto, kama mkate wa kumimina
uliotoka jikoni sasa hivi,
nikasimama kwenye kizingiti cha jirani.
"Na kengele?" nikauliza.
Bi Glenys akaangalia kile kisanduku gizani, muda mrefu,
kisha akanyoosha vidole vyake vilivyopinda
akaifungua mwenyewe.