Chenga

Mvua ilipougeuza uwanja wa shule kuwa bwawa la vyura
fainali ya mpira wa mikono ikahamia ndani,
kwenye ghala la zamani la mkonge, njia ya bandarini.
Sakafu imefagiwa, mistari imechorwa kwa chokaa,
na juu, taa sita:
mbili zimekufa, moja inakonyeza kama mlevi,
tatu zinatoa mwanga wa rangi ya mchuzi uliolala.

Mimi ni mtu wa pasipoti na harusi,
Barabara ya Kumi na Tatu, mlango wa bluu.
Watu wangu hukaa.
Nikisema inua kidevu, wanainua.
Nikisema usipepese, wanajitahidi.
Hapa nani wa kumwambia atulie?

Mwalimu Mhina kanionya mapema:
"Flashi hapana, mama. Utampofusha golikipa."
Basi nikalifungua tundu la lenzi mpaka mwisho wake,
nikapandisha aiso mpaka kamera ikaona aibu,
kasi nikaiweka sehemu ya mia tano ya sekunde,
nikapiga: giza.
Nikaipunguza kasi: mwanga ukaja,
lakini wachezaji wakawa kanga
zilizoanikwa siku ya upepo.

Picha mbili zimefuatana, mkao uleule:
moja ya manjano, moja ya kijani,
kana kwamba Kidawa ameugua ini akapona
kabla mpira haujamtoka mkononi.

Huyo Kidawa. Jezi saba,
soli ya kiatu imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kampiga chenga beki wa kwanza, kampiga wa pili,
wa tatu nilikuwa mimi:
nimelenga kulia, kapita kushoto,
nikabaki na picha safi kabisa ya ukuta
na maandishi yaliyofifia, DARAJA LA KWANZA,
ya marobota yaliyokwisha kwenda zao.

Kipindi cha kwanza, picha mia mbili na kumi na moja.
Nzuri: hakuna.

Mapumziko nikanunua kahawa na kashata,
nikainua macho.
Bati moja lilikuwa la plastiki.
Hapo mchana ulikuwa unashuka,
mchana wa mvua, umepauka, lakini wa kweli,
upana wake mkeka wa kuswalia,
karibu na mstari wa mita sita,
na vumbi la mkonge bado linaelea humo
kama halikuambiwa kuwa kazi imekwisha.

Nikaacha kumfukuza.
Nikaitega fokasi kwenye ule mkeka, nikangoja
kama paka anavyoungoja mlango wa jiko.
Nikaona nisichokiona tangu mwanzo:
arukaye, akifika juu kabisa,
hukaa kidogo
kabla ardhi haijamkumbuka.
Kidogo tu. Pumzi kati ya jina na ubini.

Akaja. Mkono nyuma ya kichwa,
vidole vyeupe kwa chokaa, kinywa wazi.
Nikabonyeza.
Kama lilikuwa goli sijui.
Watu walipiga kelele, mvua nayo ilipiga bati,
sikuweza kuzitenganisha.

Jumatatu mama yake akaingia dukani,
muuza mchele wa soko la Mgandini,
pumba kwenye mikunjo ya viganja.
Akaisogeza picha dirishani, akakunja uso.
"Mbona ina chenga?"

Nikaanza kujitetea: mwanga mdogo, aiso kubwa,
zile taa, lile wingu...
Akanikata.
"Chenga nazijua. Mzima tunauza, chenga tunakula."

Akaitazama tena,
muda mrefu kuliko binti yake alivyokaa hewani.
"Kubwa ni bei gani? Ya kutundika."

"Mama, nikiikuza, na chenga nazo zitakua."

Alikwisha kulifungua pindo la khanga,
anahesabu noti, moja moja, akizinyoosha kwa kidole gumba.
"Na zikue," akasema.