Kazi ya Siku Nne, Masasi

Aliniita msimu wa korosho, malipo yakiwa yameshaingia benki,
Bi Blandina Nakoma, muuguzi mstaafu,
nyumba ya tatu ukiipita zahanati ya zamani,
chini ya lile jiwe kubwa ambalo sisi wa Masasi
hatulitazami tena, kama mtu asivyoitazama pua yake.

"Fundi Swalehe, njoo uone nilivyofanyiwa."

Nikaona. Mbao za mninga, pana, za kizazi cha babu,
zimechanwa kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake
kama daftari la mtoto aliyepewa kalamu kabla ya herufi.
Na mwenye mwandiko kalala barazani,
rangi ya mchanga, sikio moja pungufu,
jina lake Kangomba,
maana alinunuliwa usiku, kwa kipimo cha bakuli,
bakuli moja la korosho ghafi,
bila risiti, bila chama cha msingi kujua.

Nikasema mapema: Mama, mimi na mbwa, kila mtu na upande wake.
Akasema: "Naye hapendi mafundi."

Mikwaruzo haifanani. Ukipiga magoti ndipo unaisoma.
Ile ya juu juu ni ya furaha:
mama karudi sokoni, kucha zimetangulia miguu.
Ya dirishani ni ya paka wa jirani.
Lakini mbele ya mlango wa chumbani
palikuwa na mifereji inayomeza ncha ya kidole,
pale pale, tena na tena.
Sikuuliza. Alisema mwenyewe, akichambua kisamvu:
"Hapo ni nilipougua. Mlango ulijifunga.
Siku mbili."
Kisha akaulizia bei ya misumari.

Nilianza na kitambaa kibichi na pasi ya mkaa.
Mvuke huziamsha nyuzi zilizolala;
kidonda chepesi hupona hivyo, kwa maji na moto.
Halafu msasa, namba sitini, kufuata mkondo wa mbao,
maana ukiukata mkondo
unaongeza kucha zako juu ya za mbwa.
Vumbi la mninga likanipanda puani.
Nikapiga chafya; barazani akabweka.
Chafya, bweko, chafya, bweko,
hadi adhana ya adhuhuri ikatuamulia.

Mifereji niliiziba kwa vumbi lile lile na gundi.
Mbao hujazwa kwa unga wake yenyewe;
rangi ya kuazima hujulikana hata gizani.
Vanishi mara tatu, madirisha wazi,
na asipite kiumbe.

Siku ya nne Bi Blandina alisimama mlangoni,
akaiona taa ya dari sakafuni, akakiona kidevu chake.
"Kumbe nimezeeka," akasema, akamwita mbwa.

Kangomba akaweka mguu. Ukateleza.
Akainama; chini, mbwa mwingine akamkazia macho.
Akarudi kizingitini, akalia kwa kisauti
ambacho sikujua kwamba mbwa anacho.
Mama aliita mara tatu.
Ya nne hakuita. Alikwenda stoo,
akarudi na magunia, yale ya katani, yangali na harufu ya korosho,
akayatandika moja baada ya jingine
kutoka mlangoni hadi kwenye kiti,
juu ya siku zangu nne.

Mama, nikasema, vanishi ile kopo moja tu ni elfu thelathini.

"Nimeona, fundi. Imependeza mno.
Ndiyo shida yake."

Mbwa akapita juu ya magunia taratibu kama bwana harusi,
akakipita kiti,
akaja moja kwa moja kwangu, nikiwa nahesabu noti,
akanilamba goti.

Bombani niliosha mara saba, moja kwa udongo,
nikihesabu kwa sauti.
Kwenye ya tano kicheko kikanipoteza hesabu,
nikaanza upya.