Fungu Langu

Baba alipofariki tuligawana kwa sheria:
kaka yangu Lali mafungu mawili, mimi moja.
Yeye karakana, mimi chumba cha juu
na mlango wa nakshi usiofungika vizuri masika.
Hakuna aliyemwambia kadhi
kwamba kuna kingine kilichobaki.

Mirathi hii ya pili haikungoja mtu afe.
Nilikabidhiwa tumboni: nusu ya baba, nusu ya mama,
sawasawa, bila kujali mimi ni mwanamke.

Daktari alinichorea nyuma ya risiti.
Ini, alisema, ni fundi; huunda ngao ya mapafu.
Lako huiunda imepinda.
Nikaelewa papo hapo, mimi mtu wa Mkomani:
ni kile kitanda cha bibi kilichoungwa ghorofani,
kipana kuliko ngazi, kipana kuliko mlango,
hakitoki.
Ngao zarundikana chumbani, ini lavimba,
na mapafu yako uchi,
kila moshi unaopita huyauma.

Sasa najua vidato vya nyumba yetu: ishirini na vitatu.
Kwenye cha kumi na moja napumzika, najifanya natazama paka.
Harusini, chetezo cha udi kikianza kuzunguka,
nahamia dirishani na kikuba changu cha asumini;
wenye kusema najivuna na waseme.
Panadol nazihesabu kama mtu wa deni.
Lali akija kunijulia hali
hujikung'uta vumbi la msumeno nje, kofia hadi viatu.
Kila miezi sita Mombasa, jeli ya baridi ubavuni:
mpiga picha anatazama kioo, mimi namtazama uso.

Lakini baba.
Baba aliadhini miaka thelathini,
na mwishoni pumzi ikawa inamkatikia
katikati ya hayya alal falah.
Tumbo likajaa maji, macho yakawa rangi ya bizari,
na barazani wakanong'ona: anakunywa kwa siri.
Famau, ambaye hata siki aliinusa kwanza!
Alizikwa na neno hilo.

Barua ya maabara ilipofika, kwangu ilikuwa hukumu.
Kwake, kuachiwa huru.
Niliibeba baraza hadi baraza, polepole,
nikitua kila kona,
nikawasomea jina zima la ugonjwa,
refu, gumu, likanikata pumzi mara mbili.
Mmoja alivua kofia.
Mwingine akawa anatazama punda.

Binti yangu Mwanamkuu amepimwa. Ana nusu tu.
Nusu haimlazi mtu, wameniambia, ila aijue,
na akiposwa aulize.
Juzi alitaka tumwite mjomba wake
aje akitoe kile kitanda, hata kwa kukivunja.
Nikamwambia kiache.
Usiku nalala papo hapo, kwa ubavu wa kushoto,
mito mitatu, dirisha wazi.