Doa Chungu

Machi, ng'ambo ya mto Pilica, sakitu ingali imeng'ang'ania nyasi,
nilifika kwa Lubomir Wrzosek na keekee yangu, ndoo mbili,
na mifuko ya karatasi iliyoandikwa namba.
Ndiyo kazi yangu: natoboa ardhi za watu.
Natembea mshazari, kushoto, kulia, kushoto,
nachota konzi hapa, konzi pale,
sentimita ishirini kwenda chini, kisha arobaini.

Alinifuata nyuma, mikono mgongoni,
akiusifu kila mtufaha kana kwamba nimekuja kuuposa.
"Huu ulinipa kreti tisa.
Ule uliguguna sungura, nikaufunga gazeti, ukapona."

Kisha akatoa ghalani tufaha la akiba,
jekundu, limelala humo baridi nzima,
akalipasua kwa kisu cha mfukoni.
Chini ya ganda, madoa ya kahawia,
makavu kama sponji iliyosahauliwa juani.
"Onja."
Nikaonja. Chungu.
"Mnunuzi amerudisha lori zima. Na mimi, bwana, siwanyimi kitu."

Kweli hakuwanyima.
Magunia ya potasi yalipanda hadi darini,
samadi ilifuka mvuke nyuma ya zizi.
Kila mwaka alimwaga, na mwaka uliofuata akaongeza,
maana (hili alilisema akitazama kando)
alizaliwa mwaka ambao mama yake
alichemsha maganda ya viazi mara mbili,
na tangu hapo hajui kumpa kiumbe chakula kidogo.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya wiki tatu.
Nilimsomea mezani, chai ikipoa.
Potasi: imepita mstari, imetoka nje ya jedwali.
Kalsiamu ipo, mzee, ipo ya kutosha humo ardhini,
ila mlangoni mwa mzizi pana msongamano:
potasi inapita kwa viwiko,
kalsiamu imesimama foleni na kikapu chake.
Huku juu tunda linanenepa haraka,
linajenga vyumba bila saruji,
na kuta zinaporomoka. Hapo ndipo doa.

"Yaani nawaua kwa kuwalisha?"

Sikuwa na jibu la adabu.
Nilisema tu kwamba kamba hukatikia pembamba;
ukinenepesha kwingine kote
hujaongeza kamba, umeongeza uzito.

Akagonga meza kwa kidole. "Sasa nifanye nini?"
"Usifanye."
Miaka mitatu bila potasi. Samadi, nusu ya nusu.
Usipogoe kwa hasira, mti ukaja kulipiza kwa majani.
Maji kidogo kidogo, udongo usikauke kisha ukafurika.
Kuanzia Juni, kalsiamu juu ya tunda lenyewe,
kila siku ya kumi, jua likishalegea.

Aliandika *usifanye* nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
akaipigia mistari miwili.

Mwezi Mei mkewe, Bogumiła, alinipigia simu.
"Anaamka alfajiri, anakwenda hadi ghalani,
anashika kufuli, anarudi.
Jana amemlisha mbwa mara tatu."

Oktoba nilipita tena. Njia ilinukia matufaha na dizeli.
Akapasua moja mbele yangu, jeupe hadi kwenye kokwa.
"Bado," nikamwambia. "Doa hili hujificha,
hutokea tunda likishalala ghalani. Tungoje Januari."
"Kungoja!" alisema, akafuta kisu kwenye suruali.
"Mwaka huu sijafanya kazi nyingine."

Nilipowasha gari alikuwa ameshapakia kreti mbili nyuma.
Nikamwambia zinatosha, naishi peke yangu.
Akaniangalia kwa huruma,
akaenda kuleta ya tatu.